Sehemu ya Tatu

Mazimwi hayamtishi Tuulikki.
Kila Ijumaa, theluji ikilamba madirisha ya Kemi,
hutazama maiti zikifufuka
huku akimenya viazi.

Lakini hii, eti kisa cha kweli,
imemvika Ilmari sweta ya kijani.
Ilikuwa kahawia. Mama aliifuma,
mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Muuaji wamempa macho mazuri,
utoto wa huzuni, na muziki.
Kaka yake wamempa dakika nne
na kilio ambacho hakuna aliyekisikia.

Anabonyeza kitufe, anarudisha nyuma:
damu inarejea mwilini,
mlango unajifunga,
Ilmari anatembea kinyumenyume
hadi jikoni, mzima,
katika sweta isiyo yake.

Anamwacha hapo, amesimama.

Viazi vinaungua.