Witiri na Shufwa

Nimepiga simu Dolyna,
mji wa ghala moja la ngano na reli isiyosimamisha treni,
nikimtafutia mama maua mabichi.
Huku Halifaksi mvua. Kule Saskachewani
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na Verna Kostiuk kapokea simu akitafuna kitu.

Duka lake ni moja: maua, betri, ndoana,
funguo za kuchongesha, kadi za pole.
"Mawaridi dazeni," nasema, "mekundu. Ya Stefania."
"Stefania wa kona, au Stefania wa nyonga?"

Wa nyonga.
Kumbe mama yangu sasa ndiye wa nyonga.
Miaka sabini na tisa ya kujijengea jina,
ngazi moja yenye barafu ikalifuta asubuhi.

Verna anakohoa. "Dazeni, hapana."
"Yamekupungukia?"
"Ninayo. Ila atayahesabu."

Hapo ndipo nilipomwona bibi,
kidole kimelowa mate, akipita shina kwa shina:
witiri ya walio hai,
shufwa ya makaburini.
Nami nimekaa mjini miaka ishirini na sita
nikinunua maua kwa dazeni, kama mayai.

"Kumi na moja, basi."
"Na la kumi na mbili? Umeshalilipia."

La kumi na mbili.
Nyuma ya kanisa lenye kuba la bati
baba amelala tangu Machi, mwaka ule ndege hazikuruka,
nikamzika kwa simu, sikio limepata moto,
padri anasikika, anapotea, anasikika.
"Mpelekee baba," nasema.

Kimya. Nasikia mkasi.

"Moja ni witiri," anasema Verna,
taratibu, kama anayemsahihisha mtoto hesabu.
"Ukimpelekea moja unamwita.
Ataamka bure, na baridi yenyewe hii."

"Niongezee jingine. Nitalipa."

"Hulipi. Tisini na saba, tufani ya theluji,
baba yako alilivuta gari langu mtaroni kwa trekta,
hata kahawa hakutaka.
Deni hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.
La kumi na tatu ni langu."

Kisha akanieleza atakavyoyabeba, sikumuuliza:
magazeti tabaka tatu, juu yake blanketi la mtoto,
hita ya gari iwashwe dakika kumi kabla,
maana waridi halifii dukani wala barabarani,
hufia kati ya mlango wa gari na mlango wa nyumba.
Kwa mama ni hatua kumi na nne.
Amezihesabu.

"Na kwenye kadi niandike nini?"

Nilikuwa na sentensi. Nimeitunga siku tatu kwenye basi,
nikaifuta, nikaitunga. Ikanitoka.
"Andika Larysa tu."
"Anajua ni Larysa. Nani mwingine
wa kumtumia mawaridi Februari?"
"Basi andika kwamba nakuja."

Mkasi ukasimama.

"Niandike," akauliza Verna, "au unakuja?"

Mvua ya Halifaksi ilikuwa ikiteremka kiooni
kama kitu kisicho na haraka.
Nilitaja zamu zangu za usiku. Nilitaja nauli.
Nilitaja goti la mkubwa wangu wa kazi, Mungu anisamehe.
Verna alisikiliza yote,
halafu akanisomea bei, senti kwa senti,
akakata simu.

Jioni mama hakusema haloo.
"Kumi na moja," alisema. "Nimerudia mara mbili."
Nikasikia maji yakimiminwa chomboni,
na magazeti yakikunjwa; hatupi gazeti, huyo.
"Lakini kadi ni nyeupe, haina hata nukta.
Kwani kalamu ya Verna iliganda?"

Nje ya dirisha lake, najua, giza lilikuwa limeshaingia,
na nyuma ya kanisa mawili yalikuwa yamegeuka meusi,
magumu kama misumari, yametimia.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Iliganda."