Chaki kwenye Tairi

Kona ya Bangwe ilinikataa mara tatu.
Nageuza usukani, pua ya Staleti
yaendelea ilikokuwa ikienda,
kama mtoto aliyeitwa, akasema "naam",
asiinuke.

"Kaza springi," nilimwambia Bitaliho.
"Ngumu. Ngumu kabisa."
Pesa ya kusahihisha mitihani ilikuwa bado inanuka benki.

Akatema kapi la muwa.
"Mwalimu, chaki unayo?"

Haikosi mfukoni. Akachora mistari
begani mwa kila tairi, ikashuka hadi ubavuni.
"Kaendeshe. Usije kunihadithia. Tairi litasema."

Nikaenda. Ziwa likachungulia, sikulitazama.
Niliporudi alichuchumaa, akasoma:
mbele, chaki imefutika hadi kwenye maandishi ya kiwanda,
tairi limejilaza, limetembelea mbavu.
Nyuma, mstari mzima, haujaguswa,
daftari la mtoro.

"Unaona? Wawili wanabeba,
wawili wanasindikiza."

Springi za mbele hakuzigusa.
Aliongeza upepo, kidogo tu,
akalegeza nati za shokapu, akasukuma kwa goti,
vichwa vya magurudumu vikainamia ndani,
nyayo zikatanuka nje
kama za mtu aliyetwishwa dumu la mawese
kabla ya hatua ya kwanza.

Kisha akazunguka nyuma,
ambako mimi sikulalamikia kitu,
akafunga fimbo nene ya chuma
aliyoitoa kwenye gari lililofia Gungu.

"Mbona huko?"

"Ugonjwa uko mbele, dawa iko huku.
Ukikaza kila mahali litaruka kama mbuzi,
na tairi lililo hewani
halishiki kitu, hata uliombee."

Chaki mpya. Kona ile ile, gia ya tatu.
Gari likalala kidogo,
likafikiri,
likashika.
Nilijua kiunoni kabla mikono haijajua,
na nyuma kitu kikavuta, kizito, kikiwa zamu yake.

Bitaliho hakusifu. Alipitisha kidole kwenye mstari wa nyuma,
sasa umeliwa nusu,
akasema shilingi ngapi.

Jumatatu niliingia darasani na kipande kilichobaki.
Swali ubaoni. Mbele mikono juu,
ile ile sita.
Nikapita katikati ya madawati mpaka ukutani,
nikampa Ntakije chaki.

Aliitazama kwanza.
Ilikuwa na grisi.