Mshenga

Kosa langu, wanasema, nilianza na prosesa.
Watu hujenga nyumba kwanza, kisha huita mgeni.
Lakini mgeni huyu alikuja mwenyewe, ndani ya soksi,
siku kaka yangu Karisa alipopunguzwa kazi Mombasa
wakamlipa nusu kwa pesa, nusu kwa vyuma.
Kijibamba chembamba kama biskuti,
miguu elfu moja mia tatu na ushei,
hata mmoja haujapinda.
"Iuze," akasema, "au itafutie mama."

Ubao mama. Kwa elfu tisa.
Ndizo nilizokuwa nazo, za harusi mbili za Barani
na mkesha mmoja wa hina;
za bwana harusi wa Watamu sizihesabu,
mwaka wa pili huu ananiambia kesho.

Kwa Jeneby, nyuma ya soko la zamani,
bodi zimeanikwa ukutani kama ng'onda.
Ya kwanza ina taa za rangi saba, elfu kumi na nane.
Taa za nini, Jeneby,
nami nitaifungia ndani ya sanduku la bati?
Ya pili, elfu sita, soketi ya ukoo mwingine:
hapo prosesa yangu haikai, hata uisomee dua.
Ya tatu bei nzuri. Nikaigeuza,
nikaona weupe kwenye tundu za sauti.
Hewa ya Malindi hula bawaba, hula nati za baiskeli,
haitaogopa shaba nyembamba kama uzi.
"Vumbi hilo," akasema.
Nikagusa kwa kidole, nikalamba. Chumvi.
Akacheka, akairudisha msumarini.

Ya nne haina sura. Matundu mawili ya kumbukumbu,
hakuna taa, hakuna jina la kujivunia,
ila kando ya soketi pana kipande cha chuma cha kupoza joto.
Sitaki kuikimbiza prosesa; nataka ifike.
Elfu nane na mia mbili,
baada ya mimi kutoka dukani mara mbili.

Nyumbani nikakaza skrubu, nikawasha.
Feni ikazunguka. Skrini nyeusi.
Nikazima, nikawasha. Feni ikazunguka
kama mtu anayeitikia kwa kichwa
asijue ameulizwa nini.
Siku tatu.

Mwaringa wa Maweni, mwenye chumba cha michezo ya kompyuta,
akasoma kibandiko kwa tochi ya simu.
"Kadzo, hawa hawajuani.
Bodi imetoka kiwandani kabla prosesa hii haijazaliwa.
Bayosi yake haina jina hili. Wanataka mshenga."
Akaenda, akarudi na prosesa kuukuu
aliyoichomoa kwenye mashine yake,
na nyuma yake watoto wanne, kila mmoja na kumi yake mkononi,
wakilalamika mechi imekatwa katikati.

Tukamweka mshenga kitini. Skrini ikafunguka.
Tukachomeka flashi yenye bayosi mpya,
mstari ukaanza kutambaa,
na ndipo upepo ulipoanza kuzipiga nyaya za nje.
Umeme ukikatika sasa, bodi imekufa.
Asilimia arubaini. Balbu ikapepesa.
Hata watoto walinyamaza.
Sitini na mbili. Mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti,
Mwaringa akamziba mdomo.

Ilipofika mia tukamtoa mzee, tukamweka kijana,
na skrini ikamwita kwa jina, hadi herufi ya mwisho.
"Nikupe nini?" nikauliza.
Mwaringa alikuwa akiifuta ile yake kwa pindo la shati.
"Mshenga haoi," akasema, akaitia mfukoni,
akaondoka na watoto wake.

Usiku ule nikafungua mkanda wa Watamu,
ule uliokuwa ukikwama kila sekunde ya pili.
Bwana harusi akapita mlangoni, akicheka, laini kama maji,
jasho lake naliona tone kwa tone,
na mkononi ile saa ya dhahabu
ambayo sikuwahi kuiona vizuri.