Kalamu Nyeusi

Baba alirudi kila jioni na wino vidoleni.
Miaka ya themanini, duka la vitabu, Ruwi:
magazeti ya Ulaya yakishuka na ndege ya Jumatatu
naye kitini, na kalamu nene nyeusi,
akiwavisha wanawake.

Bega la Mfaransa. Paja la Mjerumani.
Mtaliano mmoja, mgongo wazi juu ya boneti,
alichorewa buibui zima mpaka kifundo cha mguu.
"Gari nimeliacha," akatwambia. "Gari halina haya."

Mama akamsuta: Muhenna,
wewe unawatazama ili nani asiwaone?
Baba akasugua vidole kwa ndimu na chumvi.
Wino ule haukutoka kwa ndimu.

Ila usiku mmoja umeme umekatika, tumelala juu ya paa,
nilimsikia akisema, kama anayehesabu fedha za watu:
"Kule wanamvua wauze jibini.
Huku namfunika tuuze gazeti.
Hakuna aliyemuuliza kama anasikia baridi."

Mimi sina kalamu. Nina kibodi,
chumba kisicho na dirisha Al Khuwair,
karak iliyoshika utando,
na Biju wa Kerala anayepima sauti ng'ambo ya kioo.
Natia maandishi ya Kiarabu chini ya tamthilia za Ulaya.
Mistari miwili, sekunde nne,
kueleza kwa nini mtu analia.

Wiki hii ni ya Denmaki.
Wanawake wawili, jiko moja, mvua dirishani.
Mmoja anamkata mwenzake nywele,
mkasi unasimama hewani
na dakika nzima hakuna anayesema kitu.
(Hata kule, nadhani, yupo anayechagua nani aonekane:
majiko yao hayana masizi,
na sijaona bado mwanamke mnene
akipendwa kabla ya sehemu ya tano.)

Orodha ya msimamizi imebandikwa ukutani:
mvinyo uwe juisi, mpenzi awe rafiki,
na hawa wawili wawe dada.
Nikaandika: dada.
Neno likakaa chini ya nyuso zao
kama kitambulisho cha mtu mwingine.

Kiarabu hakina subira. Kila kitenzi
kinasimama mlangoni kinauliza: mume au mke?
Siwezi kuandika hata "umechoka"
bila kwanza kukiri ni nani aliyechoka.

Nyumbani Bibi Thuwaiba, miaka tisini na mmoja,
aliyetoka Wete na sanduku moja na lugha nzima,
macho yake hayafuati tena maandishi.
Ananitaka nimsimulie.

"Yeye anampenda," nasema.
"Ila anaogopa kumwambia."
Bibi anatafuna tende polepole, upande wenye meno.
"Yeye yupi?"
"Yeye, Bibi."
"Na huyo mwengine?"
"Naye pia ni yeye."

Kiyoyozi kinakohoa.
Sikusema uongo. Sikusema chochote pia.
Lugha yake ilinifungulia mlango wa uani
nikapita na viatu mkononi.

Bibi anasogeza uso karibu na kioo,
mkasi, nywele sakafuni, kiganja
kinachochelewa shingoni.
"Na hayo maandishi yanasemaje?"
"Yanasema ni dada."
"Nani kaandika?"

Nikanyamaza.

"Nilikuwa na dada sita," anasema Bibi,
"wote wamenisuka, wamenivuta, wamenitoa chawa.
Hakuna aliyenishika kichwa namna hiyo."
Akachukua tende nyengine.
"Usizime. Nataka kuona kama mvua yao itaacha."

Nyuma yetu, Baba hajasema neno.
Anasugua kidole gumba kwa kidole gumba.
Ni safi. Ni safi mwaka wa ishirini huu.