Karani wa Vuli

Saa saba na robo nafunga daftari la dawa,
navuka barabara, chapati mkononi,
hadi bustani ndogo ya manispaa, hapa Malindi,
yenye benchi nne, mbili kati yake zina migongo,
na bomba lisilofungika sawasawa.
Ndege wanalijua bomba hilo kuliko fundi wa maji.

Darubini yangu ni ya jicho moja.
Kioo cha kushoto kiliota ukungu zamani,
basi nafumba jicho hilo kila nikitazama juu.
Mwaka wa kwanza Jumwa, afagiaye hapa,
alidhani namkonyeza.
Akanijia na ufagio. Nikamwonyesha kambu
kwenye mkungu wa langoni, bluu yake
kama kipande cha kanga kilichochomoka kwenye kamba ya mtu.
Akatazama kimya, kisha akasema:
"Huyu namjua. Choo chake kina magamba ya mende."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuhesabu.

Kusi imekatika, kaskazi bado;
tangambili, majani ya mkungu yameiva wekundu,
na juu kabisa, wembamba kama mwandiko, keremkerem
wanapita bila kuuliza njia.
Kunguru hawapendi.
Kunguru wanajiita wenyeji, wamesahau
kwamba babu zao nao walishuka melini.

Lakini mimi namngoja mmoja tu.
Hana rangi ya kusimulia: kijivu cha soksi iliyofuliwa mno,
mistari kifuani ya penseli butu.
Sijui jina lake kwa lugha yetu. Niliowauliza
walinijibu, "ndege tu."
Nikampa langu: Karani.
Kwa vile hukaa wima juu ya waya wa taa,
huona nzi, huruka, tap,
hurudi palepale,
kama mtu aliyeitwa mara moja na mkubwa wake
akarudi kabla kiti hakijapoa.
Miaka mitatu, waya uleule, tarehe kumi na nne Oktoba.
Mwaka mmoja alifika kumi na tano;
kumi na nne ilikuwa Jumapili.

Mwaka huu, kumi na nne, hayupo.
Kumi na saba, hayupo.
"Labda amehamishwa," Jumwa akasema.
Ishirini. Askari Mwarandu akanisimamisha:
darubini ya nini, napeleleza ofisi ya nani?
Nikamwambia nangoja karani.
"Wa idara gani?"

Ndipo nikatazama kwa macho yote mawili.
Waya haupo. Nguzo haipo.
Wameleta taa za jua, vichwa vimelala bapa,
vinateleza, vinaunguza, hapana pa kushika kidole.
Wiki nzima nilitafuta ndege.
Waya sikuutafuta.

Sikumwambia Jumwa. Alikuwa ameshaona.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
ndivyo tulivyolelewa;
yeye kachomeka ufagio wake,
mpini chini, chelewa juu,
katikati ya kitanda cha maua kilichokufa,
akaenda kunywa chai na hakurudi mpaka saa kumi.

Ishirini na tatu.
Saa saba na dakika thelathini na mbili.
Chelewa moja, ndefu kuliko wenziwe, iliinama kidogo
kwa uzito wa karatasi moja ya vidonge.
Akaruka. Tap. Akarudi.
Nzi wa bomba walipungua mmoja.

Nikafungua daftari kwa vidole vya mafuta ya chapati,
nikaandika kama ningemwandikia mfanyakazi yeyote:
Karani. Mmoja. Kachelewa siku tisa, bila barua.
Kisha nikayakata hayo mawili ya mwisho,
maana barua, kama ilikuwapo ya kuandikwa,
haikuwa yake.

Jumwa sasa anafagia kwa tawi la mwarobaini.
Ananuna. Anasema mgongo.
Ufagio wake hauulizii.