Gramu Mia Sita

Nilizipima kwanza. Mazoea ya kazi.
Miaka kumi na tisa kwenye mizani ya kiwanda cha samaki, Igogo,
mkono wangu hausubiri mshale:
gramu mia sita na ushei.
Sato wa wastani, wa kukaanga ukala peke yako.
Nikamwambia Mbuke, kuanzia leo navaa samaki kichwani.
Akasema, afadhali huyu hanuki.

Aliyeniuzia, fundi wa meli aliyekuwa akihama,
alinimulikia tochi nyuma ya wavu:
utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu
umewambwa kati ya safu mbili za sumaku,
haugusi huku wala kule.
Ukitikisika, unatikisika wote,
kama shuka kwenye kamba.

Simu yangu ilizishindwa.
Ikatoa sauti ya mtu aliyeamshwa bila chai.
Nikashuka Makoroboi, nikarudi na amplifaya ya mtumba
yenye kitufe kimoja, nacho kinakwaruza.
Nikakipandisha robo.
Besi ikaingia, ikavuta kiti, ikakaa.

Lakini utosi!
Dakika ishirini tu, unawaka kama uliobeba ndoo bila kata.
Nkwabi mshona viatu akanikatia mkanda mpana
wa ngozi ya sangara, alama za magamba bado zipo,
uzito ukagawana kichwa kizima.
Mito ya zamani ilikuwa imelala kama maandazi ya jana;
Mbuke akashona mipya, minene nyuma, myembamba mbele,
sikio likae ndani lisiguse kitu.
Mkono wa miwani ukipita kati, besi inavuja.
Nikavua miwani. Muziki hausomwi.

Mengine nimejifunza kwa hasara.
Usizibane masikioni kwa pupa: hewa hukunja utando,
na utasikia karatasi mpaka siku ya kuzikwa.
Usiziache juu ya meza ya cherehani.
Sindano saba ziliruka zikanasa kwenye wavu,
zikasimama wima kama manyoya ya paka aliyeona mbwa,
na mwenye sindano hakucheka.
Wadudu wa ziwa wakipanda kama moshi, zifunike kwa kanga.

Nyuma ziko wazi. Hazitunzi siri.
Ninachosikia, chumba kinaonja,
na Bugarika yote inaingia bila hodi:
mbuzi kwenye mawe, jirani anaburuta dumu,
meli inaomba gati.
Kwa hiyo nasikiliza saa nane usiku.

Sikio la kushoto lilibaki kiwandani.
Kompresa ya barafu ililila kipanya,
inang'ata, inapuliza.
Daktari aliniambia, sauti ndogo, bwana,
kilichobaki ndicho mtaji.

Jana niliweka kanda ya kaka yangu Malimi,
zeze, Kayenze, mwaka ule wa mvua nyingi.
Naijua kama njia ya chooni.
Nikasogeza kikombe cha kushoto mbele,
nusu ya kidole, basi,
na kabla ya uzi wa kwanza kulia
kuna kibuyu kinawekwa gotini,
kuna mtu anavuta pumzi,
kuna mwingine, mbali kidogo, kijana,
anauliza, "Imeanza?"

Nikarudisha. "Imeanza?"
Nani huyu? Hatukuwa na mgeni siku ile.
Nikarudisha tena.

Kitandani, gizani, Mbuke akageuka.
Hakuvaa kitu masikioni; vikombe vilimvujia.
"Si wewe huyo," akasema,
"kabla ya kiwanda. Ulikuwa unaongea polepole hivyo."

Nikakaa na mkono juu ya kitufe.
Nje dumu likaburutwa tena juu ya jiwe.
"Rudisha," akasema. "Na mimi nisikie."
Nikarudisha.
Nikapandisha kwa unywele mmoja.