Kazi ya Mnong'onezaji

Nakaa chini ya jukwaa, katika tundu la mbao
linalonuka gundi na paka,
tochi mkononi, mchezo magotini.
Kazi yangu ni ndogo: mwigizaji akisahau
namrushia neno, naye analidaka
kana kwamba lilikuwa lake tangu mwanzo.

Mchezo ni wa kale. Mji huu wa mlimani, juu ya Volos,
unaujua kama unavyojua bei ya zeituni.
Mfalme anafunga lango usiku wa vita.
Mwanawe yuko nje.
Basi. Mengine yote ni kilio.

Miaka ishirini na sita mfalme alikuwa baba yangu,
Prodromos, fundi bomba.
Mwaka huu magoti yake yamelikataa taji.
Wamempa kaka yangu, Anestis,
aliyerudi kutoka Stuttgart na mvi na sanduku moja;
baba wakampa Mjumbe:
mistari kumi na minne, fimbo,
na vumbi la kupaka miguuni.

Nyumbani hawasemezani.
"Mwambie baba yako gari liko tayari."
"Mwambie kaka yako ninayo miguu."
Hata chumvi hupitia kwangu.

Baridi ile, mama akiwa kitandani,
theluji ililala juu ya nyaya za simu.
Anestis alipiga kuuliza kama aje.
Baba akashika simu kwa vidole vya grisi,
akapaza sauti, kama wazee wanavyoupigia umbali kelele:
"Usij—"
na laini ikakatika.

Kule kilichofika ni *usije*.
Huku, nimesimama na bakuli la supu,
nilisikia neno zima, maana baba
aliendelea kusema na simu iliyokufa:
"Usijali, mwanangu. Njoo tu. Nauli nitalipa."

Herufi tatu zilibaki upande huu wa theluji.

Tulimzika Evanthia, baba na mimi na kasisi.
Baba alisema: hakuja.
Kaka alisema, huko kiwandani: nilikatazwa.
Na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa,
na nilipenda, Mungu anisamehe,
kuwa mtoto aliyebaki.

Jana usiku ukumbi ulijaa.
Anestis, taji la bati likimchoma masikio:

*Nilifunga lango jana, adui asipenyeze,*
*sikumfungia mwana, gizani nimpoteze.*

Baba akaingia na vumbi lake:

*Alibisha mara tatu, kimya kikamjibia,*

akanyamaza.
Hakuwa ameshika pumzi kwa ufundi. Alikuwa amepotea.
Akainamisha macho kwenye tundu langu
kama mtu anayetafuta funguo kisimani.

Kitabuni mstari ulikuwa wazi: *akaona hana watu.*
Nikazima tochi.
"Usijali, mwanangu," nikasema, wala si kwa kunong'ona.
"Njoo tu. Nauli nitalipa."

Baba aligeuza kichwa
kama aliyesikia sauti yake katika nyumba ya jirani.
"Nani alisema hivyo?" mfalme akauliza,
swali ambalo halimo katika mchezo.
Safu ya tatu mwanamke alikohoa.
"Mimi," alijibu Mjumbe. "Siku ile. Laini ilikatika."

Kisha, taratibu, bila msaada wangu:

*akaona hana watu, vitani akaingia.*

Mchezo uliendelea.
Mwana alikufa saa tatu na nusu, kama kawaida,
watu wakapiga makofi, wakatafuta makoti yao.

Tulitelemka nyumbani, wao mbele,
taji ndani ya mfuko wa plastiki likigongagonga,
wakizungumza juu ya gari, tairi la nyuma, bei yake.
Nilipasha supu.
Chumvi ilivuka meza
kutoka mkono hadi mkono,
mbele ya macho yangu,
na hakuna aliyeniuliza chochote.